Mwosha karoti wa Lushoto aliyeidai safari yake ya treni

Saa moja kasoro asubuhi, ukungu bado umekalia bonde, na kijitoni kelele zimeshaanza. Wanawake sita wamekunja khanga hadi magotini, wamesimama ndani ya dimbwi lililozungushiwa mawe, wanasugua karoti kwa nyayo zao. Maji yanakuwa mekundu kwa udongo, yanatiririka, yanaingia mengine, na karoti zinaanza kung'aa.

Pembeni, juu ya gunia lililokunjwa, ameketi mwanamke wa miaka 57 aliyevaa masweta mawili na soksi za mpira. Anachambua karoti zilizokwisha kuoshwa: ndefu huku, fupi kule, zilizovunjika kwenye ndoo ya kupelekea mbuzi. Mikono inakwenda, na mdomo nao haupumziki.

"Salama, taratibu, mwanangu. Hiyo si ngoma," anamwambia mmoja wa walio majini. "Ukizikanyaga hivyo utampelekea mchuuzi kachumbari."

Salama anacheka, lakini anapunguza mwendo. Katika bonde hili, kusini kidogo mwa mji wa Lushoto, neno la Mama Zakia kuhusu karoti halina wa kulipinga. Ameziosha kwa miaka 23, na wachuuzi wanasema gunia lililopita miguuni mwake halina haja ya kukaguliwa.

Leo miguu hiyo iko nchi kavu kwa amri ya daktari, na mwenyewe haoni raha. Kila baada ya muda anaisogeza hadi ukingoni mwa maji, kisha anakumbuka na kuirudisha.

Mwosha karoti hapa hulipwa Sh1,200 kwa gunia. Akiwa mzima, Mama Zakia alitoa magunia sita, siku nyingine saba. Kwa kuchambua anapata Sh3,000 kwa kutwa nzima. "Na hizo napewa kwa kuonewa huruma," anasema. "Karoti zinajichambua zenyewe."

Hata hivyo, kilichomfanya ajulikane hadi stesheni ya Korogwe si karoti. Ni tiketi moja ya treni aliyoikata na asiitumie.

Hamu ya treni alikuwa nayo tangu utotoni. Alipokuwa msichana alichunga mbuzi kwenye ukingo wa mlima, pale ardhi inapokatika ghafla na tambarare yote ya Mazinde ikaonekana chini. Treni ilipita huko chini, na mbuzi wakapata nafasi ya kula mahindi ya watu.

"Ukiwa juu unaiona fupi kama jongoo," anasema. "Nikajiambia, iko siku nitampanda yule jongoo. Nilichapwa kwa sababu ya mahindi, lakini sikuacha kutazama."

Akaolewa na Mussa, wakalima, wakapata binti mmoja. Reli nayo ikakaa miaka mingi bila treni ya abiria. Safari ziliporejea, Mussa alikuwa ameshafariki, na binti, Zakia, ameolewa Moshi na fundi magari aitwaye Ibrahimu.

Mwaka huu, baada ya miaka saba ya kungoja, Zakia akapiga simu kusema ni mjamzito.

Kwa watu wa huku jambo hilo lina kazi yake. Mama mzazi hufunga safari, akamkanda bintiye kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto hadi siku arobaini zitimie. Mama Zakia amefanya hivyo kwa nusu ya watoto wa kitongoji chake, wakiwemo ambao si ndugu zake.

"Nimeogesha watoto wa watu wote hapa," anasema. "Wa kwangu aogeshwe na nani?"

Basi la kwenda Moshi lipo, tena la kila siku. Tatizo ni kwamba yeye na mabasi hawaelewani. Kona za Soni peke yake humtapisha mpaka anafika Mombo hajui anaitwa nani, sembuse basi hadi Moshi. Kwa hiyo alijinyima miezi minne, akateremka Korogwe, akatoa kitambulisho chake cha taifa na kukata tiketi ya behewa la kulala kwa Sh21,000. Aliihifadhi ndani ya kopo la majani ya chai, na kila mgeni aliyefika nyumbani alionyeshwa.

Siku mbili kabla ya safari akaanguka majini.

Homa alikuwa nayo tangu siku tatu nyuma. Aliificha kwa kuwa alitaka kumaliza magunia ya kumpatia nauli ya kurudi. "Nilidhani ni mafua," anasema, na wanawake walio majini wanaguna kwa pamoja, kwa sababu walimwambia na hakusikia.

Mvua ilikuwa imekata barabara, pikipiki hazipiti. Kama ilivyo kawaida ya milimani, wanaume wanne walitoa kitanda cha kamba, wakamfunika mablanketi, wakambeba mabegani kwa saa mbili hadi hospitali. Aliyewaongoza ni jirani yake, Abubakari, dereva wa bodaboda mwenye miaka 31.

Mapokezi, karani aliuliza jina la mgonjwa.

"Mama Zakia," akajibu Abubakari.

Karani akasema anataka jina lake mwenyewe. Wale wanaume wanne wakatazamana.

"Wenzangu watatu hawakulijua kabisa," anasimulia Abubakari, aliyekuja kijitoni kubeba magunia. "Mimi nililijua. Nikiwa mdogo nilimsikia marehemu bibi, mama yake, akimwita. Lakini sikuthubutu. Huyu ametulea, ametuchapa, amewaogesha wanangu wawili. Kwetu mtu kama huyo unamwita kwa mwanawe. Kulitaja jina lake mbele ya watu naona kama nimemvua mtandio."

Karani akaandika alichopewa. Kwa kuwa fomu ilidai majina zaidi, Abubakari akaongeza la marehemu mume. Mgonjwa akaingia wodini akiwa Mama Zakia Mussa, ugonjwa wake nimonia. Alipopata nafuu, wauguzi walimwita Mama Zakia, naye akaitika bila wasiwasi wowote.

"Ningejuaje?" anasema. "Niliona wananiheshimu."

Alhamisi ya safari ilipita akiwa kwenye oksijeni. Jumanne iliyofuata Zakia akajifungua salama mtoto wa kike, na muuguzi akamshikia bibi simu sikioni.

"Nilimsikia analia. Nikalia na mimi. Nesi akaniambia, mama, ukilia hivyo mashine itashindwa kazi."

Alitoka hospitali baada ya siku tisa, akaamriwa kupumzika wiki mbili nyingine. Alihesabu siku za mjukuu wake kwa kutia alama za mkaa ukutani nyuma ya jiko. Akiba yote ilikuwa imekwenda kwenye matibabu. Kilichobaki ni ile tiketi kwenye kopo, tarehe yake imeshapita. Mtu akamwambia aliyekosa safari kwa kuugua anaweza kuomba arudishiwe nauli, mradi awe na karatasi za hospitali.

Karatasi alikuwa nazo. Akaziweka pamoja na tiketi, akafumba macho kwenye kona zote za Soni, akafika Korogwe.

Dirishani alimkuta dada mmoja, Lightness, ambaye hadi leo wanapigiana simu. Alimwamkia vizuri, akamketisha, akasoma karatasi, akazisoma tena.

"Akaniambia, 'Mama, aliyelazwa ni Mama Zakia Mussa. Aliyekata tiketi ni Mwanaisha Idrisa. Sasa huyo Mama Zakia mwenyewe yuko wapi?' Nikamwambia, ndiye huyu uliyempa shikamoo."

Lightness anakumbuka siku hiyo huku akicheka. "Nilimwamini palepale. Lakini ombi siliamui mimi, linakwenda kwa wakubwa, na wakubwa wanaona karatasi tu. Karatasi zilisema ni watu wawili. Nikamweleza atafute uthibitisho, pesa yake itarudi. Akanijibu, 'Mwanangu, mimi sidai pesa. Nadai safari yangu.'"

Hospitali walimpokea vizuri na kumwambia wanaweza kuandika barua ya marekebisho, ila alete kwanza uthibitisho wa kijiji. Ukutani nyuma ya jiko alama zilikuwa zimefika ishirini na moja.

Mtendaji wa kijiji, Bwana Sefania, alitaka mashahidi wawili wanaomfahamu kwa majina yote mawili. Wa kwanza hakutafutwa. Bi Rehema, rika lake, waliyechunga naye mbuzi wale waliokula mahindi ya watu, alifika na kutia sahihi kabla hata hajaulizwa. Wa pili ndiye aliyekuwa kazi. Marika wengine walikuwa wamefariki au wamehamia kwa watoto wao, Tanga na kwingineko. Vijana wote waliosimama kumtetea walimjua kama Mama Zakia na basi.

Ndipo Abubakari akasema atakwenda yeye, kwani kosa ni lake.

Alifika amevaa shati la Ijumaa. Akavua kofia, akaketi. Mtendaji akafungua daftari na kumwambia ataje jina kamili la mama aliyeketi hapo. Abubakari akamtazama Mama Zakia. Akatazama sakafu. Akamtazama mtendaji.

"Naomba mama atoke nje kidogo," akasema.

Bwana Sefania, ambaye kwao ni Upareni, anasema alidhani kuna kesi ndani yake. "Nimeandika barua nyingi katika ofisi hii. Sijawahi kuona shahidi anamwogopa mtu anayekuja kumsaidia."

Mama Zakia alielewa mara moja. Akanyanyuka, akatoka, akasimama nyuma ya ofisi. Lakini dirisha la ofisi ya kijiji halina kioo, na Abubakari, kwa kuzoea kupigia kelele abiria, hajui kusema polepole.

"Mwanaisha," ikasikika sauti yake. "Mwanaisha binti Idrisa. Ndiye Mama Zakia wetu."

Anapofika hapa Mama Zakia anaacha kuchambua. Karoti aliyoishika anaigeuzageuza.

"Mama yangu amefariki miaka kumi na tisa sasa," anasema. "Baada yake wa kuniita kwa jina amebaki Rehema tu, na Rehema ananiita hivyo akitaka kuazima chumvi. Nilishika ukuta. Nilifurahi, nikaona na huzuni, vyote pamoja. Nilikuwa nimemsahau huyo Mwanaisha."

Abubakari alipotoka alimwendea moja kwa moja, akainama na kumwamkia shikamoo, ingawa alikwishamwamkia asubuhi ile. Akaitikiwa marahaba. Hawakulizungumzia tena, mpaka wiki hii walipoulizwa, na hata sasa Abubakari anasimulia akiwa amegeukia upande wa magunia.

Barua ya kijiji ikazaa barua ya hospitali, na zote mbili zikateremka Korogwe. Siku nane baadaye simu ya Mama Zakia ikalia. Nauli ilikuwa imerudi, imepunguzwa kidogo kama utaratibu ulivyo, kwa jina la Mwanaisha Idrisa. Salama aliombwa kuusoma ujumbe ule mara tatu, mara ya tatu kwa sauti ili hata walio ng'ambo ya kijito wasikie. Pengo la nauli likajazwa na waosha karoti wenzake, na kesho yake Mama Zakia akakata tiketi nyingine.

Treni ni kesho kutwa, Alhamisi usiku. Jumapili mtoto anatimiza arobaini.

Mzigo umeshafungwa: unga wa muhogo wa kupikia bada, majani machungu ya mboga ya mshunga yaliyokaushwa, na karoti mbichi alizozichagua mwenyewe, moja moja. Mama mkwe wa Zakia amekuwa akimpikia mzazi mtori wa ndizi siku zote hizi, na Mama Zakia anamshukuru sana, ingawa anaamini hakuna damu inayorudi bila mshunga. Upande wa ndani wa mlango wa nyumba yake ameandikiwa jina lake kamili kwa wino mzito, ili watakaombeba siku nyingine wasipate taabu ya kulitamka. Watalinakili kwenye karatasi na kumwonyesha karani kwa kidole.

Kwa mjukuu wake amechelewa mno. Atamwogesha Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu. Akiulizwa kama siku tatu hizo zinastahili hangaiko lote hili, anajifuta mikono kwenye sweta la juu na kusema mwulize Zakia jina la mtoto.

Kwa simu kutoka Moshi, Zakia anacheka kwa aibu. "Nimempa jina la mama. Siku ya saba tulilisoma, basi. Sasa kumwita siwezi, naona namwita mama yangu kwa jina. Namwita 'mama'. Ibrahimu ndiyo kabisa, jina ni la mkwewe, anamwita 'bosi'. Bibi yake wa huku anamwita 'mgeni'. Hakuna hata mmoja aliyemwita jina lake."

Kijitoni, gunia la tatu limejaa. Mama Zakia analishona mdomo kwa kamba ya katani, anaikata kwa meno, anamwashiria Abubakari aje alibebe. Kisha anatazama upande wa ukingo wa mlima, ambako ukungu umeanza kufunguka.

"Jina amepata, wa kumwita hana," anasema. "Mimi naweza, ni langu. Nitamweka kwenye beseni, maji ya vuguvugu, si haya ya kwetu. Nitamshika shingo vizuri. Halafu nitamwita, Mwanaisha. Nione kama atanitazama."