Fulana Ndani ya Filta

Silinda mbovu hutafutwa kwa kunyamazisha zilizo nzima. Unawasha injini ya dizeli, unaiacha ingurume bila kukanyagwa, halafu kwa spana namba kumi na saba unalegeza nati za mabomba ya mafuta, moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya silinda inayofanya kazi, mngurumo unabadilika na injini nzima inayumba. Unaikaza, unaenda kwa inayofuata. Ukifika kwa ile iliyolala, unalegeza na hakuna kinachobadilika. Hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta.

Nilionyeshwa njia hii na fundi aliyenichukua gerejini kwake pale Salama, mji wa kando ya barabara kuu, nikiwa na miaka kumi na sita. Hakuniambia kwa nini inafanya kazi na mimi sikumwuliza. Nilikuwa nimeacha shule muhula uliotangulia, tulipomzika mama. Baba alikuwa amefariki kabla yake. Wadogo wangu walikuwa watatu, na kuuliza maswali kulionekana ni kazi ya watu wenye nafasi.

Ndugu anayenifuata alimaliza kidato cha nne, kisha akasema anataka usukani. Lori lake la kwanza lilikuwa la mchanga, kuukuu, likibeba kutoka mitoni upande wa Kasikeu hadi barabara kuu. Vumbi la njia hiyo ni laini kama unga. Liliziba filta ya hewa kwa wiki moja, na mwenye lori hakupenda kununua nyingine. Nikamwonyesha ndugu yangu ujanja wangu. Unachukua fulana ya pamba, zile zinazogawiwa wakati wa kampeni zikiwa na uso wa mgombea kifuani, unashona mikono na shingo, unaivalisha filta kama foronya. Vumbi linabaki kwenye fulana. Jioni unaivua, unaikung'uta kwa kuipiga kwenye tairi, asubuhi unaivalisha tena. Ilimfaa miaka mitatu. Nilijiona mjanja.

Baadaye nilimwombea kazi kwa mfanyabiashara wa mifugo ambaye ukoo wake ulitoka kaskazini mashariki. Mzee huyo alikuwa na malori matatu ya kubeba mbuzi kutoka soko la Kabati hadi vichinjio vya kando ya barabara kuu, na yote matatu yalihudumiwa na mimi katika gereji yangu mwenyewe. Alimwajiri ndugu yangu kwa neno langu tu. Nilibadilisha oili na filta za mafuta katika lori alilopewa kuendesha. Filta ya hewa nilimwachia yeye, kwa sababu hufunguliwa mara kwa mara na kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwenyewe.

Siku ninayoikumbuka, lori hilo liliingia uwanjani kwangu kabla ya adhuhuri. Aliyeliendesha alikuwa mzee mwenyewe. Ndugu yangu alikaa upande wa abiria, mikono juu ya magoti. Sikuhitaji kuambiwa kwamba amenyang'anywa ufunguo.

Injini ilikuwa ikikohoa. Lori lote lilitetemeka likiwa limesimama, na mzee alipokanyaga mafuta, silensa ilitoa moshi mweusi ulioufunika uzio wa jirani yangu, fundi wa matairi.

"Hiyo lori imebeba mbuzi ama imebeba jiko?" akaita jirani kutoka upande wake.

Mzee alishuka.

"Fundi, leo sitaki undugu. Nataka ukweli wa injini. Hii gari ilikuwa inaenda na kurudi na tangi moja. Sasa hairudi. Na moshi ndio huo. Mtu anauza dizeli yangu, halafu anajaza mafuta ya taa."

"Mzee, mimi naweza kuapa na Biblia," ndugu yangu akasema.

"Kiapo hakifungui nati. Wacha fundi afungue."

Nilianza na lile aliloshtaki. Nilitoa mafuta kidogo chini ya filta ya dizeli, nikayaweka kwenye gilasi. Nilichovya vidole, nikamwambia naye achovye. Mafuta ya taa hukauka upesi na kuacha ngozi kavu. Dizeli hubaki na utelezi. Alisugua vidole muda mrefu, akanusa, akasugua tena.

"Hii ni dizeli," akasema.

"Ni dizeli."

"Basi anauza bila kujaza."

Nikachukua spana. Silinda ya kwanza injini ilibadilika, ya pili, ya tatu. Ya nne nililegeza na mngurumo ukaendelea vilevile. Nilizima, nikaitoa nozo yake, ile ncha inayonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Ilikuwa imeganda masizi kama ukoko wa sufuria. Nozo ikiwa hivyo hainyunyizi, inadondosha. Hapo ningeweza kusimama. Kwa mazoea nikatoa na ya tano, kisha ya pili. Zote zilikuwa na masizi, ila ya nne ilizizidi. Nozo moja ikiharibika, zingine huwa safi. Zikiwa chafu zote, injini inanyimwa hewa.

Adhana ikasikika kutoka msikiti ulio nyuma ya kituo cha petroli. Mzee akaenda kuswali. Tukabaki wawili, nikafungua mfuniko wa filta ya hewa.

Fulana ilikuwamo. Ilikuwa imeloa mvua za wiki zile na kukaukia mwilini mwa filta pamoja na vumbi, ikawa ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Nilipitisha ukucha, ukaacha mstari.

"Naikung'uta," ndugu yangu akasema upesi. "Kila Jumapili, kabla ya kanisa."

"Nilikuambia kila jioni."

"Ulisema kila jioni nikiwa kwa mchanga. Huku jioni niko njiani."

Ilikuwa kweli. Tena lile la mchanga lilikuwa na injini ya zamani isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, yenye pumzi ndogo. Hili lilikuwa na turbo, na turbo huvuta hewa maradufu. Hilo nililijua siku nyingi. Sikuwahi kumwambia, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba atahama na fulana.

"Itupe," akasema. "Sema nozo ndiyo ilikufa."

Niliangalia njia ya msikitini. Nozo moja haiwezi kula mafuta kiasi kile. Mzee angeondoka na nozo mpya na shaka ileile, na ndugu yangu angeshuka kwenye lori kama mwizi. Hapa kwetu, dereva aliyefukuzwa kwa kuuza dizeli hapewi lori lingine. Nilimweleza hivyo.

Akaigusa fulana kwa kidole. "Basi sema nilifundishwa na madereva wa mchanga. Usijitaje, mkubwa. Hizi lori tatu ndizo zinaweka wale wengine shule."

Niliiacha fulana palepale, nikaurudisha mfuniko na kufunga vibanio vyote vinne.

Mzee aliporudi nilimwomba avifungue kwa mkono wake. Alivifungua kimoja kimoja. Alivuta fulana kwa vidole viwili, akaiinua juani. Nusu ya uso wa mgombea ilikuwa bado inaonekana, ikitabasamu kwenye matope.

"Huyu si ndiye..."

"Ndiye," nikasema.

"Wallahi. Nilimnyima kura, na yeye ananinyima hewa."

"Wacha, mzee!" akaita jirani, ambaye sasa alikuwa ameegemea uzio. "Hao hula mpaka hewa!"

Mzee alicheka. Ndugu yangu naye alicheka, kisha akakumbuka alipo.

Niliifuta nozo ya nne nilivyoweza, nikazirudisha zote, nikawasha injini bila filta kwa dakika chache. Bado ilikohoa, lakini nilipokanyaga mafuta moshi ulitoka wa kijivu, mwepesi. Nikamweleza mzee kwamba dizeli haiungui bila hewa. Lori linakosa nguvu, dereva anazidi kukanyaga, mafuta yanazidi kuingia, na yasiyoungua vizuri yanakuwa masizi.

"Dizeli yako haikuuzwa," nikasema. "Imetoka kwa silensa."

Aliutazama mdomo wa silensa, akaingiza kidole, akakitoa cheusi. Nadhani kidole hicho kilimshawishi kuliko maneno yangu.

"Na nani alimfundisha kuvalisha injini nguo?"

Ndugu yangu alifungua mdomo.

"Ni mimi," nikasema.

Mzee alifuta kidole chake kwenye fulana ile. Kisha akatoa ufunguo mfukoni mwa kanzu na kumpa ndugu yangu bila kumtazama.

"Hii utaisafisha, fundi, mpaka iwe kama nilivyoinunua. Zile zingine mbili nitatafuta mtu. Si kwa ubaya."

"Sawa, mzee."

Kazi ilichukua siku mbili. Nilikwangua masizi kwenye njia za kutolea moshi, nikabadilisha nozo ya nne na kusafisha tano zilizobaki, nikaweka filta mpya. Yale malori mawili yalienda kwa fundi mwingine na hayajarudi. Mdogo wetu wa mwisho alikaa nyumbani muhula mmoja, akarudi darasani muhula uliofuata. Ndugu yangu bado anaendesha lori lile.

Miezi michache baadaye alipita kwangu akitoka Kabati, akiwa na filta mpya ndani ya boksi. Nilimwambia asiipige kwenye tairi, aipulizie upepo kutoka ndani kwenda nje.

"Kwa nini kutoka ndani?" akauliza.

Alikuwa hajawahi kuniuliza hivyo. Tangu mama afariki, nilichosema kilifanywa. Nilimwambia ndivyo inavyofanywa. Alisubiri. Nikaanza kueleza, nikafika katikati, nikaona kwamba nilikuwa nikirudia maneno ya fundi wangu bila kujua yanakoelekea. Nikachukua filta, nikaiinua juani tukaiangalia pamoja. Vumbi huingilia nje, akasema yeye, kwa hiyo ukipuliza kutoka nje unalisukuma ndani zaidi kwenye karatasi ya filta.

"Ndiyo," nikasema. "Naona ni hivyo."

Akairudisha kwenye boksi, akapanda, akawasha. Nilisimama nyuma ya lori, mahali pa kutazama moshi, mpaka likaingia barabarani.