Kamba Nyekundu na Mguu Wangu wa Kushoto

Kwa miaka minne niliamini, kwa moyo wote na kwa diploma yangu yote, kwamba ile kamba nyekundu ya mota ya boti inanyonya umeme wa mwili. Ni kamba iliyojikunja kama waya wa simu ya zamani. Ncha moja inachomekwa kwenye mota, nyingine piloti anajifunga mkononi. Bon, tonton mmoja, mzee wa bandarini, alituambia sisi mapiloti kwamba mota inapata cheche zake kutoka kwenye damu ya piloti, kupitia kamba hiyo. Ndiyo maana mapiloti wazee wote ni wembamba. Tukawaangalia. Kweli, wote walikuwa wembamba.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesoma. Nilimaliza masomo ya jioni hapa Kabondo nikiwa na miaka thelathini na nne, na mwalimu wa fizikia alitufundisha kwamba mwili wa binadamu unapitisha umeme. Donc, ushahidi ulikuwa kamili. Ile ncha ya mkononi nikaifunga kwenye chuma cha mota. Ijinyonye yenyewe.

Wakati huo nilikuwa naendesha boti ya mbio, Kisangani mpaka Yangambi na kurudi. Nilikuwa na afya ya kiboko. Pipa la mafuta nililibeba begani huku nakula chikwange. Koti la kuelea nililikalia, kwa sababu ni laini kuliko ubao.

Siku hiyo, kama saa nne asubuhi, nilikuwa na abiria sita. Karibu yangu alikaa Mama Zainabu, mjane muuza mchele, wa zile familia za zamani za Waislamu wa hapa mjini. Nilisimama ili niwaonyeshe abiria kiboko. Kiboko mwenyewe alikuwa gogo, na wakati namwonyesha huyo, tuligonga gogo jingine. Gazi, yaani mwendo wa mota, ilikuwa imefunguliwa yote. Mpini wa mota ukanitoka mkononi, boti ikapinda, nami nikarushwa majini.

Nilidhani boti itaenda zake. Haiendi. Gazi inabaki pale ulipoiacha, mpini unalala upande, na boti inakata duara na kurudi pale pale ulipoangukia. Mara ya kwanza nilizama, ikanipita juu. Mara ya pili propela ilinishika mguu wa kushoto. Sikusikia maumivu, nilisikia tu kama mtu amenichapa kwa ubao. Kisha maji yakawa mekundu. Damu ile, wapendwa, ingetosha kupaka rangi daraja la Tshopo. Nikaiona boti inageuka tena, pua inanitazama. Nikajiambia, Dieudo, sasa ni kichwa.

Mota ikanyamaza.

Abiria walinivuta kwa kasia. Mama Zainabu alivua liputa lake la juu, kile kitenge cha kiunoni, akalifunga pajani mwangu na kulikaza mpaka nikamtukana.

“Tukana tu, papa,” alisema. “Ukinyamaza, njo nitaogopa.”

Yeye mwenyewe ndiye aliyewasha mota na kuturudisha mjini. Sikujiuliza alijifunzia wapi. Nilikuwa nautazama mfupa wangu.

Hospitalini, daktari alikiosha kidonda, akakata nyama iliyokufa, akakiacha wazi bila kushona, kwa sababu maji ya mto yalikuwa yameingia ndani kabisa. Siku ya sita homa ilipanda. Usaha ulikuwa wa kijani. Nilinuka mpaka jirani yangu wa kitanda akaomba kuhamishwa, na yeye alikuwa na kidonda chake. Daktari hakunificha. “Tunabadilisha dawa. Nakupa siku tatu. Uchafu ukiendelea kupanda, tunakata chini ya goti.”

Nilimwuliza mke wangu, Béatrice, piloti wa mguu mmoja atasimamaje ndani ya boti.

“Kwani ulipokuwa na miwili ulisimama vizuri?” akajibu. Kisha akageukia ukuta akalia, akidhani sioni.

Siku hizo tatu zilikuwa na urefu wa miaka tisa. Siku ya tatu asubuhi muuguzi alifungua bandeji, akanusa pamba, akanusa tena. “Leo inanuka dawa tu,” alisema. Nililia mpaka walinisikia kule mbali Banalia.

Baadaye walichukua ngozi ya paja wakaibandika pale. Miezi mitatu nilitembea na mikongojo. Leo natembea mwenyewe, nachechemea kidogo mvua ikikaribia, na boti naendesha nikiwa nimekaa, koti limefungwa kifuani. Namshukuru Mungu, daktari, muuguzi yule mwenye pua ya dhahabu, na Béatrice. Na wewe uliyelala na kidonda, usimfiche daktari harufu kwa sababu ya aibu. Ile harufu ndiyo iliyowafanya wabadilishe dawa mapema. Kula hata kama mdomo unakataa.

Nilipopata nguvu nilitoa ushuhuda kanisani kwetu. Nilisema mota ilizimika yenyewe, hakuna mkono uliogusa. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakatikisika. Habari zikamfikia Mama Zainabu, naye akaja nyumbani mchana mmoja na sahani ya mchele na pondu. Nikamsimulia upya yote, hata habari ya kamba inayonyonya, ili naye ajihadhari. Alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Ndipo aliponiambia kwamba marehemu mume wake aliendesha boti za mota miaka kumi na nane, na yeye pembeni yake.

“Papa Dieudo,” alisema, “mota haikujizima. Ni mimi nilivuta ile kamba. Hainyonyi kitu. Mutu akianguka, inachomoka na mota inazimika, kazi yake ni hiyo tu. Ungeifunga kwa mukono, boti isingerudi hata mara moja.”