Lenzi ya Mpima Macho wa Suneka

Kabla ya kupima, mpima macho wa Suneka humulika mboni na kuguna: "Mlango mdogo hivi, mwanga utapitaje?" Kisha humvua mtu miwani, akachomoa lenzi ya mashine ya kupimia, inayoshika nafasi ya miwani, akaipangusa kwa koti lake huku akiimba wimbo wa Sabato. Kwa Omwenga, dereva wa trekta, aliimba hadi ubeti wa mwisho. Omwenga alibonyeza kitufe kila alipoona nukta ya mwanga, nazo zilikuwa adimu kama walevi kanisani. Karatasi ya majibu ikatoka nyeusi tii, kama ya mtu asiyeona.

"Pole, omogaka, mzee wangu. Trekta uwaachie wengine," mpima alisema, machozi yakimlenga. Akatafuta leso mfukoni, akaibuka na lenzi.

"Shetani ameshindwa! Hii ilipaswa kuwa mbele ya jicho lako. Kaa, turudie."

"Turudie," Omwenga akasema, "lakini usiimbe."