Shangazi Alipoiosha Treni ya Baba

Hatuna cha kukumbuka? Sisi? Chiku, hebu rudia, maana voisi yako ile kwenye grupu la familia kila nikiisikiliza mishipa inanisimama. Ati sisi tuliokulia Toronto hatukuwa na utoto, tulifungiwa ndani kama kuku wa kisasa, na mjomba wako kazi yake ilikuwa kuchezea midoli ya Wazungu. Mimi unaweza kunisema unavyotaka, binamu. Baba yangu umwache.

Wenzangu wa maghorofa ya Crescent Town, huku huku Toronto, mtanisaidia kumjibu huyu. Si mnazikumbuka korido zetu? Ukitoka tu kwenye lifti pua inakwambia nani kapika nini: mlango huu samaki wa Wabangladeshi, mlango ule chapati, na kwetu maharage ya nazi yanakuita kabla hujavua buti. Kombolela tulicheza kwenye ngazi, ghorofa zote, mpaka mlinzi akatujua kwa majina ya nyumbani. Tukitoka nje kwenye theluji tumevalishwa mpaka mikono haishuki, tunatembea kama mito ya kulalia iliyoota miguu. Na vile vikaratasi vya kubadilishia basi, mnavikumbuka? Wenzetu walitupa. Sisi tulivikusanya vikawa tiketi, maana nyumbani kwetu kulikuwa na treni.

Si ile ya betri inayozunguka mti wa Krismasi, Chiku, usichanganye mambo. Baba alitengeneza mfano mdogo wa treni ya usiku ya Uingereza, ile ya kutoka London kwenda Uskochi huku watu wamelala vitandani. Kabla ya kuja Canada, yeye na Mama walipita Uingereza, na wiki waliyofunga ndoa waliipanda kwenda kumsalimia kaka yake Mama. Mama anasema kitanda kilikuwa chembamba kama ubao wa kupigia pasi, hakulala hata kidogo, lakini asubuhi mhudumu alipogonga mlango na chai na biskuti alijiona malkia.

Basi Baba akaitaka treni hiyo. Si inayofanana nayo. Hiyo hiyo. Rangi ya bluu na kijivu ya wakati ule, mabehewa ya vitanda ya wakati ule, hata la kukaa liwe la wakati ule. Ukimletea behewa zuri lakini limekuja miaka ya baadaye, analigeuzageuza, anakurudishia. "Zuri, ila hili lilikuwa bado halijazaliwa." Sabwei, treni ya mjini iliyokuwa inapita chini ya dirisha letu, yeye hata treni hakuiita. Alisema ni lifti iliyojilaza.

Mimi nilijifundisha mwenyewe kutandika vile vitanda kwa kibano. Shuka ni karatasi ya chooni, blanketi ni soksi kuukuu ya Baba. Hakuna mtu atakayeviona mle ndani, lakini Baba alikuwa anachungulia dirishani na kusema, "Kitanda cha tatu hakijachomekwa."

Na kilichomchosha kuliko vyote kilikuwa uchafu. Ndiyo, uchafu! Treni ya kweli haing'ai. Kule kwenye magurudumu kuna vumbi la kahawia la breki, juu ya paa moshi wa injini umeganda. Baba alisaga chaki za rangi, akawa anapaka kwa brashi ya wanja ya Mama, jioni baada ya jioni, baridi yote ile. Watu wa treni ndogo walikuwa wamemwalika kwenye shoo yao, ndani ya ukumbi wa kanisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kualikwa. Shati lilishapigwa pasi, linaning'inia mlangoni.

Hapo ndipo akaja kututembelea Shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa Baba. Mama yako wewe, Chiku. Sasa tulia usikie.

Mnamjua Shangazi, hakai kwa mtu bila kuosha kitu. Imebaki siku moja, kesho yake ndiyo shoo. Sisi tuko shule, wakubwa wako kazini. Tunarudi tunakuta mabehewa yamepangwa kwenye taulo kando ya sinki, yanameremeta kama meno ya bandia. Kayasugua yote kwa sabuni ya vyombo na mswaki.

"Yalikuwa yananitia aibu," akasema. "Watu wakija watasema mdogo wangu kaoa mchafu."

Nikawaka. Nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Baba akaingia na koti lake, akayaangalia mabehewa. Halafu akanigeukia mimi, si yeye.

"Wewe, adabu! Huyu kanibeba mgongoni." Kisha akamwambia Shangazi, "Ahsante, dada. Yamependeza."

Akaanza kutafuta simu awaambie wenye shoo kwamba anaumwa mafua. Baba yangu huyo, asiyejua kudanganya hata umri wake! Alikuwa tayari kuikosa shoo kuliko dada yake ajue kaharibu.

Mama ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Wifi, ule uchafu kaupaka mwenyewe."

"Kaupaka? Makusudi?"

"Makusudi. Tangu theluji ya kwanza."

Shangazi akakaa. Akatuangalia mmoja mmoja kama watu wa kupelekwa kwa daktari. Halafu akacheka, akacheka mpaka mtandio ukaanguka. "Yaani mmekuja Ulaya kupaka uchafu! Weka simu chini wewe. Kama shida ni masizi tu, mimi nimekulia jikoni."

Akafungua sanduku lake akatoa mkaa wa kufukizia udi, uleule uliokuwa umeshaliza king'ora cha moshi tangu afike. Akautwanga kwenye kinu cha Mama. Chaki ya kahawia ilikuwa imeisha, akachukua mdalasini. Tukatandika magazeti, tukakaa sakafuni sote. Baba kashika picha ya treni yenyewe, anaelekeza.

"Punguza, dada. Hilo sasa limetoka mgodini."

"Si ulitaka uchafu wewe? Usinichagulie!"

Kaka yangu Idi akapiga chafya, paa zima likahamia usoni kwa Mama. Tulicheka mpaka tukalala chali. Hakuna aliyebaki na pua ya rangi yake.

Kesho yake ukumbini, Shangazi kasimama kando ya meza na khanga juu ya koti la baridi, mtoto akinyoosha kidole anakipiga. Akaja mzee mmoja wa Kizungu ambaye wote walikuwa wanamwogopa kwa kukosoa. Akainama na tochi, behewa kwa behewa. Mzee akanusa. Akanusa tena.

"Kila behewa ni la wakati wake," akasema. "Ila niliipanda treni hii. Haikunukia vizuri hivi."

Ukumbi ukacheka, na Baba akacheka kuliko wote.

"Anasemaje?" Shangazi akauliza.

"Anasema umepatia, dada."

Siku hizi Idi ana wanawe. Watoto wazuri, wana tableti inayoendesha treni yoyote duniani, mvua inanyesha humo humo na madirisha yanajichafua yenyewe. Ukiwasemesha Kiswahili wanajibu Kiingereza, ukiwapa gundi wanakuuliza video ya maelekezo iko wapi. Mikono ya Baba inatetemeka sasa, na Shangazi magoti yamemkatalia kukaa chini. Juzi nikapeleka maboksi ya treni kwa Idi ili nikae na watoto tuipake masizi upya. Shemeji, mke wa Idi, akanizuia mlangoni. Zulia jipya, anasema, la rangi ya maziwa. Hata kiatu sikuvua, nikageuza na maboksi yangu nikarudi kwenye lifti, nimevimba.

Wewe mwenye zulia safi, mwanao atakukumbuka kwa lipi?