Pale Milka Alipotaka Kulala

Milka Kemunto alikuwa amechoka, na usidhani ni ule uchovu wa kutwa unaoisha ukioga maji moto na kunywa chai. Wake ulikuwa wa kukaa. Ulimpata miaka ya mwanzo ya kuja Birmingham, ukahamia naye mtaa wa Castle Vale, na tangu hapo haujamtoka.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka nyumba za wazee kwa gari dogo jekundu. Huku anamvisha bibi soksi za kubana miguu, kule anampa babu dawa na kumkorogea uji, na kabla hajafunga mlango simu inamwambia amechelewa kwa mwingine. Wazee walimpenda. Bosi alimpenda pia, ndiyo maana akipungukiwa na mtu alimpigia Milka kwanza. Milka hakujua kukataa. Mdomo wake ulikuwa umezoea neno moja tu, "sawa", na likishatoka yeye mwenyewe ndiye hulisikitikia.

Likizo alikuwa nazo, asije mtu akasema alinyimwa. Kila alipopewa ruhusa alikwenda kwao Nyamira, na ungemwona uwanja wa ndege na masanduku yake, nusu yake ya watu wengine, ungesema huyu mama anakwenda kustarehe. Starehe gani? Safari moja alifika akakuta matanga ya shangazi. Safari nyingine ilikuwa harusi ya binamu, akatiwa kwenye kamati ya chakula kabla hajavua viatu. Safari ya mwisho alikuta fundi amewajengea ukuta uliopinda, naye fundi anaapa haujapinda, basi wakashinda juani wakigombana. Milka alirudi kazini ili apumzike.

Akibaki Birmingham nako ni yale yale. Sufuria kubwa ya fellowship, ule ushirika wao wa kanisani, ile ya kupikia pilau ya kanisa zima, ilikaa kwake chini ya ngazi. Ililetwa pale kwa muda tu, na huo muda haukuisha. Kwa kuwa sufuria ilikuwa kwake, watu nao walikuja kwake.

Sasa alitaka kitu kimoja. Wiki moja kwa mwaka ya kulala mpaka usingizi wenyewe umwachilie, pahali ambapo hakuna mtu wa kumwuliza chumvi iko wapi. Alimwambia mumewe Shem hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Shem alikuwa dereva wa basi, mtu mwema, mpole, asiye na haraka ila akishikwa na njaa. Alisema, "Sawa, Mama Audrey, tutatafuta," akaendelea na mpira wake kwenye televisheni.

Aliyewafungulia njia ni Mzee Gurdev. Milka alikutana naye dukani Lozells siku aliyokuwa akichagua ndizi za kupika huku anaongea na dada yake kwa simu. Mzee mmoja Singasinga mwenye kilemba cha buluu akamgeukia akasema, "Mama, hiyo ndizi mbaya. Chukua ile ya chini." Milka nusura aangushe simu. Kumbe mzee alizaliwa Nakuru, akaja Uingereza angali kijana, akafanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kikafungwa, na Kiswahili chake alikitunza vile vile alivyoondoka nacho. Wakawa marafiki wa dukani. Siku moja akamwambia ana timeshare mbili na moja anataka kuiuza, kwa sababu mkewe Manjit alifariki na yeye peke yake hawezi kuzimaliza.

Timeshare, kwa asiyeijua, ni kununua wiki. Nyumba si yako. Chako ni haki ya kukaa wiki moja kila mwaka katika hoteli ya klabu, na kila mwaka unalipa ada ya utunzaji, uende usiende. Ukiinunua mpya utauza figo. Ukiinunua kwa mtu aliyechoka nayo, utaipata kwa bei ya friji iliyotumika. Klabu ya Mzee Gurdev ilikuwa na hoteli nyingi, lakini kila mwanachama aliandikishwa katika moja, hiyo ndiyo yake, nao waliiita home resort.

Jumapili moja baada ya ibada Milka na Shem walivuka mji mzima mpaka Longbridge. Mzee aliwapokea kwa chai ya tangawizi na sahani ya chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, kisha akaweka picha mbili mezani.

"Iko mbili," alisema. "Hii ya Tenerife. Vyumba tatu, jiko kubwa, bahari hapa hapa. Na hii ya Wales, kando ya ziwa. Chumba moja na sofa ya kufungua, basi. Ndogo sana. Nyinyi chagua moja, ile nyingine nitabaki nayo mimi."

Shem aliivuta ile ya Tenerife hata kabla hajatua kikombe.

"Vyumba vitatu! Mama Audrey, hapa hata watu wa fellowship wanaenea."

"Kwani wanaenda wapi?" Milka akauliza.

Shem akacheka. Alidhani ni mzaha.

"Tuchukue hii kubwa," akasema. "Siku ukitaka hiyo ya Wales, tuna-swap tu. Ronald wa kanisani aliniambia members wana-swap kila siku, ni kubonyeza simu."

Mzee Gurdev akatikisa kichwa. "Ronald hajui. Ku-swap iko, lakini sikiliza. Ile home yako, una-book mwaka moja mbele, unachagua siku unataka. Ile si yako, unangoja mpaka miezi saba imebaki, wenyewe wamechukua yote, wewe unapata makombo. Wiki ya Februari, mvua, chumba karibu na mapipa. Shule ikifunga ndio sahau kabisa. Mimi naambia kila mtu, nunua pale unataka kulala. Usinunue ya kubadilisha."

Milka aliitazama picha ya Wales. Kitanda kimoja, dirisha, kiti cha kuegemea, na nje maji ya kijivu yasiyofanya lolote. Jiko lenyewe lilikuwa kama kabati. Sufuria ya fellowship isingepita hata mlangoni. Aliitamani ile nyumba.

Lakini angesemaje? Angesema anaitaka ile ndogo kwa sababu ni ndogo? Kwao mtu akitafuta nyumba huhesabu kwanza wageni watalala wapi, kisha ndipo huuliza yeye atalala wapi. Mwanamke anayechagua nyumba isiyoweza kulaza mgeni ana roho mbaya, na habari zake hufika Nyamira kabla hajafungua mlango. Milka aliona haya hata kuliwaza jambo hilo mbele ya mumewe. Basi akaishika picha ya Tenerife, akaigeuzageuza, akauliza kwa ile sauti yake ya kila siku, "Cooker yake iko na burner ngapi?"

"Sita!" Mzee alichangamka. "Manjit alipenda sana hiyo jiko. Kila mwaka tulienda familia yote. Ndugu yangu Jatinder, bibi yake Kanta, watoto, watoto ya watoto. Manjit anaamka mbele ya watu, anapika paratha. Halafu chai. Halafu samosa za kupeleka pwani, kwa sababu chakula ya hoteli hawataki. Watu wote walisema hakuna mtu kama Manjit. Miaka ishirini!"

Akafungua picha kwenye simu yake, akampa Milka. Watoto wamelowa maji. Wanaume wamejilaza mchangani na kofia usoni. Kanta, au mtu aliyefanana na jina hilo, ameshika viatu mkononi, mawimbi yamemfika magotini, anacheka. Milka alizipitia zote, kisha akainua macho kwenye ile picha ya ukutani iliyovishwa shada la maua ya plastiki, ya mwanamke mnene mwenye uso mpole. Akarudi tena kwenye simu, akatafuta.

"Mama yuko wapi hapa?"

"Manjit? Alikuwa ndani. Chakula."

"Na bahari, aliingia?"

Mzee alitua kikombe chake. Akachukua simu yake, akazipitia picha yeye mwenyewe, akarudi nyuma, akazipitia tena. Shem aliacha kutafuna chevda.

"Bahari inaonekana kwa dirisha ya jiko," mzee akasema mwishowe. "Yeye aliniambia. Inaonekana vizuri sana."

Akaiweka simu mezani kifudifudi.

"Hii ya Wales ndio yeye alitaka," akaendelea, taratibu. "Nilimnunulia. Tulienda mara moja tu. Watu walisema hapa hatuenei, basi hatukurudi. Ile wiki alilala tu. Asubuhi analala, mchana analala. Mimi nilifikiri mgonjwa. Nilitaka kumpeleka kwa daktari."

Milka alihisi machozi yanamjia, na hayakuwa ya Manjit peke yake.

"Nataka ya Wales," akasema.

"Lakini Mama Audrey, wageni..."

"Nataka ya Wales, Shem."

Shem alimtazama mkewe. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia akirudia neno "nataka" mara mbili kwa pamoja. Akairudisha picha ya Tenerife upande wa mzee. Mzee Gurdev alimshika Milka mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia chukua, mama, chukua, kisha akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu akiosha vikombe vitatu.

Shem aliendesha gari mpaka walipokaribia nyumbani. Hapo akakohoa, na Milka alikijua kile kikohozi.

"Kuna kakitu," Shem alisema. "Jana niliambia group. Kwamba tunapata pahali pa holiday."

"Group gani?"

"Si ni ile yetu ya fellowship, ya WhatsApp."

Walipoingia, binti yao Audrey alikuwa amekaa kwenye ngazi na simu. Yeye alizaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini kukijibu ni shida. "Mum," akasema, "Auntie Jelagat's asking if I mind sleeping on the floor. What floor?"

Jelagat, huyo aliyemwuliza mtoto kama atakubali kulala sakafuni, alikuwa mwenyekiti wa akina mama, nesi wa hospitali, mwanamke anayeweza kupanga harusi kwa wiki mbili na asipandishe sauti. Kwenye group Milka alikuta amina tele, na chini yake Jelagat anauliza wabebe nini. Milka akaketi ngazini, akaandika kwamba pahali penyewe ni chumba kimoja, hakuna vitanda. Jibu lilikuja kabla hajavuta pumzi: "Usijali mpendwa. Tutabanana. Sisi hata chini tunalala."

Milka alilia. Alilia kwa hasira, mgongo ameuegemeza ukutani, na ile sufuria chini yake gizani. Kama ni chumba kimoja watabanana. Kama ni hema watabanana. Hakuna nyumba ndogo duniani ambayo watu wake wangeshindwa kuenea. Kuchagua ya Wales hakujamsaidia kitu. Lililobaki ni lile neno ambalo mdomo wake haukulijua. Akampigia Jelagat.

"Jelagat, naomba msije."

"Kwani kumetokea nini? Tumekukosea?"

"Hamjanikosea. Nimechoka."

Neno hilo alikuwa akilisikia kila siku kwa wazee wake, kwa Shem, hata kwa Audrey aliyeshinda kitandani. Lake mwenyewe lilimtoka kama la mtu mwingine.

"Umechoka na sisi, Milka?"

"Nimechoka na kila kitu. Na nyinyi pia. Nataka kulala wiki moja nisipikie mtu. Hata mkinichukia, mnichukie nikiwa nimelala."

Milka alisubiri kusikia simu ikikatwa.

"Hata mimi," Jelagat alisema. Haikuwa sauti ya mwenyekiti. "Hata mimi nimechoka, dada yangu. Unajua kwa nini napenda kuja kwako? Kwako nakaa kwa kiti. Naletewa sahani. Nyumba zingine zote, na kwangu pia, mimi ndio wewe."

Milka alijipangusa uso kwa mtandio wa kanisani. Hilo hakuwahi kuliwaza. Alimwona Jelagat kwenye kile kiti cha kona, kila mara hicho hicho, viatu kavivua, macho nusu yamefumba katikati ya kelele, na jinsi yeye Milka alivyokuwa akimpita na sahani akisema moyoni, huyu naye hasaidii.

"Kuna sofa ya kufungua," akasema.

"Na Shem atalala wapi?"

"Kwake, hapa nyumbani."

"Tutakula nini?"

"Sijui. Mimi sipiki. Ukiamka na njaa, kuna mkate."

"Basi nitakula mkate," Jelagat akasema, na sauti ikamkatika kidogo. "Na ile sufuria?"

"Hiyo haiji."

Wakabaki hivyo kwenye simu, kila mmoja akimsikia mwenzake akipumua. Jikoni kabati likafunguliwa, likafungwa, lingine likafunguliwa. Shem alikuwa ameamua kukaanga mayai.

"Mama Audrey," akaita, "chumvi iko wapi?"

Milka alimsikia vizuri. Akafumba macho, wala hakujibu.