Simu yenye nafasi ya mama

Leo nimekataa simu nzuri mbele ya watu, na muuzaji akanicheka.

Ofisi inataka nisome barua pepe za kazi popote nilipo. Basi baada ya misa ya Jumapili nikashuka mtaa wa Kamalondo, kwenye maduka ya simu. Muuzaji akanionyesha simu nyembamba, inang'aa, pamoja na laini ya mtandao wenye intaneti ya mbio.

"Chukua hii, yaya. Mail ya shefu itafika mbele ya shefu mwenyewe."

Tatizo ni kwamba inaingia laini moja tu.

"Ile laini yako ya zamani utupe. Ni réseau ya bazee."

Lakini kijijini kwa mama, upande wa Manono, ni mtandao huo wa bazee tu unaoshika, tena mpaka apande kilima. Kila Jumapili anapanda, ananibipu, anakata, anashuka kwenye mihogo yake. Maana yake: niko muzima. Nikimpigia, tayari ameshuka.

Nikachagua simu nene ya laini mbili. (Kamera yake tusiiongelee.)

Muuzaji akaingiza laini zote mbili, akaiwasha. Barua pepe za ofisi zikamiminika.

Kisha ikalia mara moja, ikanyamaza.

"Ni nani anakubipu hivi? Si umurudishie, yaya."

"Ni mama. Iko anashuka kilima."

Hapo hakucheka tena.

Niambieni, ni nani mwingine hapa anayesalimiwa kwa bip?

Sasa simu iko mezani. Kila neno la shefu linaingia. Mimi natamani tu kwamba Jumapili moja mama asahau kukata.