Gurudumu la Kupimia Pembe

Mawese yakipakwa kwenye mnyororo wa baiskeli yana harufu yake, nzito, ya chuma na ya jikoni kwa pamoja. Juzi baiskeli moja ilinipita hapa Kindu ikinuka hivyo hivyo, na mimi mama mzima nikasimama njiani nikicheka peke yangu. Acheni niwaambie.

Wakati wa vita treni ilikuwa haifiki tena, grisi haipatikani, ndiyo maana Baba alipaka mawese. Alisukuma baiskeli hadi Kampene na mizigo ya chumvi, akarudi na mchele. Baiskeli hiyo ndiyo iliyotulisha. Lakini watu wenye bunduki nao walizitaka baiskeli, wazibebeshe mizigo yao. Kwa hiyo kila aliporudi, Baba alifungua gurudumu la nyuma, maana baiskeli ya gurudumu moja haina mwizi. Gurudumu lenyewe akampelekea Mwalimu Radjabu, aliyetufundisha darasa la sita.

Darasani liligeuka raporteri, chombo cha kupimia pembe. Na kweli tulipimia! Lilikuwa na rayo thelathini na sita, vile vyuma vyembamba, na pale zinaposhika ukingo, kutoka moja hadi nyingine ni digrii kumi. Mwalimu alichora pembe sakafuni kwa chaki, tukalaza gurudumu juu, katikati yake kwenye kona, tukahesabu nafasi. Digrii thelathini na tano ilitutoa jasho. Vidole vyangu vilinuka mawese hadi jioni, na mama alidhani nadokoa vyungu vya majirani.

Asubuhi moja mwenye bunduki akaingia, akaliona gurudumu limetundikwa ukutani.

"Baiskeli yake iko wapi?"

"Haina baiskeli, shefu. Iko raporteri ya masomo," alijibu Mwalimu.

Yule mtu akacheka. Akaweka tofali sakafuni, akafuatisha kona yake kwa chaki, akarefusha mistari, kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Weye, mutoto, pima."

Jamani! Nilijua nikikosea, baiskeli imekwenda, na sisi tutalala njaa. Nikalaza gurudumu, nikahesabu polepole.

"Tisini, shefu."

"Miye pia nilifikaka darasa ya sita," akasema, akatoka bila kuligusa gurudumu.

Nilivyojisifu tangu siku ile! Kila mtu alisikia kwamba mimi ndiye niliyeokoa baiskeli ya Baba. Mwaka jana nilimsimulia hata Mwalimu mwenyewe, mzee sasa, nyumbani kwake, nikamalizia kwamba bahati yetu ilikuwa shule kukosa raporteri. Mkewe akaangua kicheko.

"Kukosa? Ilikuwako, mama. Ya mbao, kubwa, alichonga yeye mwenyewe. Siku baba yako alileta gurudumu, huyu bwana aliipasua, akaitia motoni. Alisema wakiikuta kabatini watajua gurudumu ni uongo, na baba yako watamuua."

"Sombe iliiva vizuri," Mwalimu akasema, kana kwamba habari yote ilikuwa ya majani ya muhogo yaliyopikwa kwa moto ule, akitazama pembeni.

Utotoni niliamini shule yetu ilikuwa maskini tu. Kumbe kuna mtu aliyeifanya maskini makusudi, ili nyumbani kwetu kupikwe. Nililia pale pale, sikuona haya. Nikamshika mikono yote miwili, nikamwambia asante, yangu na ya Baba, aliyefariki bila kujua.